Kifurushi Kimoja kwa Matoleo Mawili: Uhakiki wa NLTK katika Kazi za Isimu

Makala haya yanakusudia kuhakiki chombo ambacho wanaisimu wengi wamekwisha kukitumia pasipo kukihakiki. Chombo hicho ni NLTK, yaani mkusanyiko wa moduli za lugha ya kompyuta iitwayo Python, ulioundwa kwa ajili ya kuchambua matini: kukata sentensi kuwa maneno, kuhesabu marudio, kutafuta neno pamoja na muktadha wake, na kadhalika. Mkusanyiko huo unafuatana na kitabu cha Steven Bird, Ewan Klein na Edward Loper, Natural Language Processing with Python, kilichochapishwa mwaka 2009, na ambacho baadaye watunzi walikirekebisha kulingana na toleo jipya la Python na kukitoa bure kwa wasomaji wote. Hatukusudii kujadili nadharia ya kitabu hicho, wala kuuliza kama mifano yake ya Kiingereza inatufaa sisi tunaochambua Kiswahili. Tunakusudia kuchunguza jambo ambalo kwa kawaida halipewi hata aya moja katika majarida ya isimu: jinsi moduli hizo zilivyofungashwa ili zitumiwe na matoleo mawili ya lugha ileile ya kompyuta, na namna ufungashaji huo unavyoweza kubadili matokeo ya utafiti bila mtafiti kutambua.

Huenda msomaji akasema kwamba shauri hili ni la wenzetu wa idara ya kompyuta. Tungekubaliana naye kama jambo lenyewe lingeishia katika kompyuta. Lakini haliishii humo. Linaingia katika jedwali la marudio ya maneno, kutoka jedwalini linaingia katika sura ya tatu ya tasnifu, na kutoka hapo linanukuliwa na mwanafunzi wa mwaka unaofuata kana kwamba ni jambo lililothibitishwa.

Matoleo mawili na njia tatu

Python 3.0 ilitolewa mwezi wa Desemba 2008. Watunzi wake, wakiongozwa na Guido van Rossum, waliamua kwa makusudi kuvunja upatanifu na toleo la 2, ili waondoe kasoro zilizokuwa zimekaa humo muda mrefu. Hata hivyo tawi la zamani halikukatwa. Python 2.7 ilitoka Julai 2010. Ikapangiwa kukomeshwa mwaka 2015. Kisha, mwaka 2014, muda huo ukasogezwa mbele hadi 2020. Toleo la mwisho kabisa la tawi hilo, yaani 2.7.18, lilitoka Aprili 2020. Kwa hiyo, kwa zaidi ya miaka kumi na moja, lugha mbili zenye jina moja ziliishi pamoja, na mara nyingi ndani ya kompyuta moja.

Mtunzi wa moduli aliyetaka kuwahudumia watu wa pande zote mbili alikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kutunza vifurushi viwili mbalimbali, kimoja kwa kila toleo, kazi ambayo ni wachache waliokuwa na nguvu ya kuifanya. Ya pili ni kuandika kwa toleo la 2 na kumwachia mfasiri wa mashine, programu iitwayo 2to3, aitafsiri kazi hiyo wakati wa kuiingiza katika kompyuta ya mtumiaji. Ya tatu ni kuandika matini moja ambayo matoleo yote mawili yanaweza kuisoma, kwa msaada wa moduli ndogo ya usuluhishi kama six. (Jina hilo lina hesabu ndani yake: mbili mara tatu ni sita.) Njia ya tatu ndiyo iliyoshinda, hasa baada ya Python 3.3 ya mwaka 2012 kukirudisha kiambishi cha u, kile kinachotangulia matini za Unikodi na ambacho 3.0 ilikuwa imekifuta. NLTK nayo ilifuata njia hiyo. Kuanzia NLTK 3.0 ya mwaka 2014 hadi ilipoiacha Python 2 katika NLTK 3.5 ya Aprili 2020, matini moja ya programu ilitumikia matoleo yote mawili.

Je, kifurushi humwelezaje mtumiaji kwamba kinamfaa? Kwa lebo. Chukua faili la six lenyewe: jina lake huishia kwa maneno py2.py3-none-any. Sehemu ya kwanza yasema kwamba linafaa kwa Python 2 na kwa Python 3. Ya pili, kwamba halina sharti lolote kuhusu muundo wa ndani wa Python iliyomo. Ya tatu, kwamba linakubali mashine yoyote. Zaidi ya jina, kila kifurushi hubeba karatasi yake ya maelezo, na humo hutajwa matoleo yanayokubalika. Kanuni ya kuandika katika karatasi hiyo kima cha chini cha toleo la Python ilipendekezwa tangu 2005, lakini pip, programu inayoleta vifurushi na kuvisimika, ilianza kuitii katika toleo lake la 9, mwezi wa Novemba 2016. Kabla ya hapo, mwenye Python 2 aliletewa kifurushi kipya kabisa hata kama kiliandikwa kwa ajili ya Python 3 pekee, kisha akaachiwa makosa mikononi.

Mpango huu wa lebo ni kazi nzuri, na hatuna nia ya kuudharau. Lakini tuangalie vizuri swali linalojibiwa nao. Lebo inajibu: je, programu hii itaendeshwa katika toleo hili? Haijibu: je, ikiendeshwa, itasema jambo lilelile? Kwa fundi anayetengeneza tovuti tofauti hiyo ni ndogo, kwa sababu kosa litaonekana usoni pa ukurasa. Kwa mwanaisimu anayehesabu maneno elfu hamsini, ambayo hakuna binadamu atakayeyahesabu tena nyuma yake, hiyo ndiyo tofauti yenyewe.

Makosa yenye sauti na makosa yasiyo na sauti

Wanafunzi wetu wanaujua mfano ufuatao kutokana na maisha yao. Mtu wa Lubumbashi akimwandikia rafiki yake wa Dar es Salaam kwa kutumia neno ambalo huyo hajapata kulisikia, rafiki atasimama na kuuliza. Hakuna hasara kubwa. Lakini akiandika, «Bibi yangu anakusalimia», rafiki hatauliza kitu. Atasoma, ataelewa, na atafikiri kwamba amesalimiwa na bikizee, ilhali aliyemsalimia ni mke wa mwandishi. Neno ni moja, sarufi ni moja, sentensi imepita pande zote mbili bila kizuizi. Kilichobadilika ni maana peke yake.

Katika Python, amri ya print ni neno la namna ya kwanza. Iliyoandikwa kwa toleo la 2 bila mabano hukataliwa palepale na toleo la 3, na mwanafunzi hurekebisha. Watu wengi wamelalamika sana juu ya print. Kwa maoni yetu, hilo ndilo badiliko lisilo na madhara kuliko yote, kwa kuwa lina sauti.

Alama ya mkwaju, inayotumika kwa kugawanya, ni neno la namna ya pili. Katika Python 2, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, jibu hukatwa na kuwa namba kamili. Katika Python 3, jibu huja pamoja na desimali zake. Tuseme tuna matini ya maneno 5,000, na ndani yake maneno tofauti ni 1,400. Kugawanya 5,000 kwa 1,400 kunatoa 3 katika toleo la 2 na 3.57 katika toleo la 3. Tukigeuza na kugawanya 1,400 kwa 5,000, toleo la 2 linatoa sifuri na toleo la 3 linatoa 0.28. Sifuri itamshtua mtu. Tatu haitamshtua yeyote. Na mfasiri 2to3 hakigusi kabisa kimkwaju hicho, kwa sababu hawezi kujua kama aliyekiandika alitaka jibu lililokatwa au jibu kamili. Anafanya kama karani anayenakili «bibi» kuwa «bibi» na kuhesabu kwamba ametafsiri.

Watunzi wa kitabu cha NLTK waliijua hatari hii. Katika sura ya kwanza ya toleo la 2009, kabla ya kugawanya idadi ya maneno ya Kitabu cha Mwanzo (44,764) kwa idadi ya maneno tofauti (2,789), waliweka mstari mmoja unaoiomba Python 2 igawanye kwa mtindo wa toleo la 3. Jibu lao ni 16.05. Mwanafunzi aliyenakili hesabu na kuuacha mstari huo wa juu, kwa kuwa hakuona kazi yake, alipata 16. Lakini tukifungua sura hiyohiyo katika kitabu kilichorekebishwa kwa Python 3, tunakuta jambo ambalo ni zito zaidi. Mstari wa tahadhari umeondolewa, kwani hauhitajiki tena. Ila hesabu nayo imegeuzwa juu chini. Sasa ni maneno tofauti yanayogawanywa kwa jumla ya maneno, na jibu ni 0.06. Kipimo kimebaki na jina lilelile, utajiri wa msamiati. Katika kitabu cha kwanza namba ikikua maana yake ni kwamba msamiati ni haba. Katika kitabu cha pili namba ikikua maana yake ni kwamba msamiati ni mpana. Tunaona kwamba badiliko lenyewe ni la haki, kwani kipimo cha kwanza hakikustahili jina lake. Lakini mtu anayelinganisha tasnifu mbili zilizotumia kitabu kimoja, moja ya mwaka 2011 na nyingine ya 2021, atawezaje kujua?

Mfano unaotusumbua kuliko yote unahusu orodha ya marudio, ambayo ndiyo mkate wa kila siku wa kazi hizi. Katika NLTK ya 2009, mtu aliyeomba keys za orodha ya marudio, yaani maneno yake bila namba, aliyapata yakiwa yamepangwa kuanzia lile linalotokea mara nyingi zaidi. Kitabu kilifundisha hivyo: chukua keys, kata 50 za mwanzo, nawe una maneno 50 yanayotawala matini. Katika NLTK 3 mpangilio huo uliondolewa. Anayetaka maneno yanayotawala hana budi kutumia amri nyingine, most_common. Aidha Python 3 yenyewe haikubali tena kuzikata keys kama orodha. Itatoa onyo la kosa. Hadi hapa kosa lina sauti, na tungetulia. Lakini mfasiri 2to3 ana dawa ya onyo hilo: huzifunga keys ndani ya orodha, na onyo linanyamaza. Programu inaendeshwa. Maneno 50 yanatoka. Ila sasa, kuanzia Python 3.7, hayo si maneno 50 yanayotawala matini. Ni maneno 50 yaliyotangulia kuonekana ndani yake.

Hebu tufikiri maana yake kwa hadithi ya Kiswahili. Orodha ya kweli ingekuwa na «na», «ya», «wa», «kwa», pamoja na yale ambayo mtunzi anayapenda. Orodha ya bandia ina maneno ya aya ya kwanza: zamani, palikuwa, mfalme, na, mke, wake. Inafanana na orodha ya marudio kiasi cha kumdanganya msomaji mwenye haraka, na tumewahi kuiona orodha ya namna hiyo katika rasimu, ikiwa imeambatanishwa na ukurasa mzima wa ufafanuzi juu ya nafasi ya ufalme katika mtindo wa mwandishi. Tuongeze kwamba NLTK 3 ikiendeshwa juu ya Python 2, mstari huohuo hutoa maneno kwa mpangilio usio na maana. Na juu ya Python 3.3 hadi 3.5, mpangilio huo hubadilika kila programu inapoanzishwa upya. Lebo ya kifurushi ilikuwa ya kweli siku zote. Moduli iliendeshwa kila mahali.

Ritifaa

Kuna badiliko moja la Python 3 ambalo wanaisimu wa Afrika wanapaswa kulishangilia, ingawa kwa kiasi. Katika toleo la 2, matini ya kawaida ilikuwa mfuatano wa baiti. Katika toleo la 3, ni mfuatano wa herufi. Mara nyingi husemwa kwamba jambo hili halimgusi mtu wa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili huandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama juu wala chini. Wanaosema hivyo wameisahau ritifaa.

Neno «ng'ombe» lina alama saba zikihesabiwa pamoja na ritifaa. Lakini ritifaa yenyewe huja kwa sura tatu: ile iliyonyooka ya taipureta; ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe bila kuombwa; na ile ambayo Unikodi huihesabu kuwa herufi hasa, U+02BC. Ikiandikwa kwa ritifaa iliyopinda katika usimbaji wa UTF-8, «ng’ombe» ina urefu wa 9 katika Python 2 na wa 7 katika Python 3, kwa sababu ritifaa hiyo inachukua baiti tatu. Anayechunguza urefu wa maneno atapata wastani tofauti kutoka faili moja.

Ama kuhusu kukata maneno, hali ni ngumu zaidi. Watafiti wengi hutumia kanuni fupi inayosema: neno ni mfululizo wa alama za aina ya \w. Kwa kanuni hiyo, ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda hulikata neno katika matoleo yote mawili, na hivyo «ng'ombe», «ng'ambo» na «ng'oa» huingia katika jedwali kama neno moja lenye marudio mengi, «ng», likifuatwa na mabaki «ombe», «ambo» na «oa». La tatu ni kitenzi kamili cha Kiswahili, na hivyo hesabu ya ndoa inapanda kila jino linapong'olewa. Ritifaa ya U+02BC hulikata neno katika Python 2 lakini hulihifadhi zima katika Python 3. Kwa hiyo mtafiti makini, aliyechagua herufi iliyo sahihi kuliko zote, ndiye ambaye matokeo yake yatabadilika akihama kutoka toleo moja hadi jingine.

Tumesema tushangilie kwa kiasi. Wenzetu wanaochambua Kilingala au Ciluba pamoja na toni zake wanajua sababu. Herufi ɛ peke yake husomwa vizuri na Python 3 kama sehemu ya neno. Lakini ɛ yenye alama ya toni ya juu haina umbo lake moja katika Unikodi. Ni herufi na alama iliyobandikwa juu yake, na ile alama ya kubandika haihesabiwi kuwa \w. Neno hukatwa pale penye toni, katika toleo la 3 sawasawa na la 2.

Folda ya PY3

NLTK huleta moduli zake peke yake, na vielelezo vya lugha peke yake, katika kifurushi kingine cha data. Miongoni mwa vielelezo hivyo kulikuwa na punkt, ambacho kazi yake ni kutambua mwisho wa sentensi: kujua, kwa mfano, kwamba nukta baada ya ufupisho haimalizi sentensi. Vielelezo vya punkt vilihifadhiwa kwa njia ya pickle, ambayo huganda kitu cha Python pamoja na tabia za toleo lililokigandisha. Ili kuwatosheleza watu wa matoleo yote mawili, walifanya jambo rahisi: kila kielelezo kiliwekwa mara mbili, kimoja katika folda ya kawaida na kingine katika folda ndogo iitwayo PY3, na moduli ikachagua yenyewe.

Kwa ufundi hatuna neno. Hili ni suluhisho la kweli, tena wazi kuliko yale tuliyoyataja juu, kwa sababu linakiri kwamba vitu ni viwili. Ila tunaomba ruhusa ya kusema jambo pembeni. Ndani ya folda hizo mlikuwa na Kifaransa mara mbili, Kijerumani mara mbili, Kiestonia mara mbili, Kislovenia mara mbili. Kiswahili hakikuwamo hata mara moja. Nafasi na uangalizi vilitosha kuifunga lugha ileile ya Ulaya kwa ajili ya matoleo mawili ya mashine. Havikutosha kufunga lugha nyingine kwa ajili ya watu. Kosa hili si la watunzi wa NLTK peke yao: punkt hujifunza kutokana na matini tupu, na yeyote kati yetu angeweza kukifundisha. Mwezi wa Agosti 2024, kwa sababu za usalama wa pickle, NLTK 3.9 ilihamia data mpya ya punkt_tab, na kwa mara nyingine miongozo ya zamani inayosema «pakua punkt» ikaacha kufanya kazi.

Hali ya maabara zetu

Tumezungumza kana kwamba mtumiaji ana intaneti saa zote. Wengi wetu huleta vifurushi kwa flashi: mtu huvipakua mahali penye mtandao, kisha huvipeleka kwenye kompyuta ya idara wakati umeme upo. Hapo lebo huwa na uzito mwingine. Moduli ya NLTK yenyewe husafiri bila shida, kwani imeandikwa kwa Python tupu. Lakini NLTK ya siku hizi inahitaji moduli iitwayo regex, na hiyo ina sehemu iliyokwisha kukusanywa kwa ajili ya toleo moja maalumu la Python na aina moja ya mashine. Aliyeipakua kwa kompyuta yenye Python 3.11 atafika kwenye kompyuta yenye 3.8 na kuambiwa kwamba kifurushi hakifai. pip inaweza kuagizwa ilete vifurushi vya toleo lisilo lake, mradi itajiwe toleo na aina ya mashine, na ikatazwe kuleta matini ghafi. Watu wachache wanajua amri hiyo. Wengi hurudi mjini.

Na kwa nini kompyuta ya idara ina 3.8? Kwa sababu inaendeshwa na Windows 7, na 3.8 ndiyo Python ya mwisho inayoikubali. Python 3.8 ilikoma kutunzwa Oktoba 2024. Tangu 2020, Python mpya hutoka kila mwaka, mwezi wa Oktoba, na kila moja hutunzwa miaka mitano. Moduli za kisayansi zina haraka zaidi: NumPy na nyingine zilizofuata mwongozo wake wa 2019 ziliahidi kuyakubali matoleo ya Python yaliyotoka katika miezi 42 iliyopita. Msaidizi anayefundisha huku akiandika tasnifu ya udaktari hamalizi katika miezi 42. Sura yake ya pili itahesabiwa na toleo moja na sura yake ya tano na jingine, isipokuwa kama amejua kulishikilia la kwanza. Mwongozo huo uliandikwa na watu wenye busara kwa ajili ya mazingira yao, nao haukuficha hesabu zake. Lakini hesabu hizo zilichukua kwamba kompyuta hubadilishwa na kwamba mtandao ni wa bure au karibu na bure.

Kwa upande huu tunaipendelea desturi ya Debian, mfumo ambao wenye kompyuta za zamani wengi wangeweza kuutumia. Katika miaka ya mpito Debian haikudai kwamba moduli ni moja. Iliweka majina mawili, moja likianza kwa python na jingine kwa python3, na mtumiaji alilazimika kutamka anataka ipi. Lakini ndani ya Python 3 yenyewe, ilifanya kinyume: moduli zilizoandikwa kwa Python tupu huwekwa mahali pamoja kwa matoleo yote ya 3, na faili zilizokusanywa tu ndizo zinazobeba namba ya toleo katika majina yao, jambo lililowezekana tangu Python 3.2 ya mwaka 2011. Penye tofauti ya maana, majina mawili. Penye tofauti ya umbo tu, mahali pamoja. Huo ni uainishaji ambao mwanaisimu yeyote wa lahaja angeutambua.

Hatudai kwamba njia ya matini moja ilikuwa kosa. Bila six na ndugu zake, watu wa mashine za zamani wangetupwa nje mwaka 2014, si 2020. Na anayetaka kuona mwisho wa njia ya mfasiri wa mashine atazame Septemba 2021, setuptools 58 ilipoacha kumwita 2to3: vifurushi ambavyo watunzi wake walikuwa wamekwisha kuviacha, na ambavyo vilitegemea kutafsiriwa wakati wa kusimikwa, havikusimikika tena. Tunachokataa ni mazoea ya kuichukua lebo ya mfungashaji kama dhamana ya matokeo, dhamana ambayo yeye mwenyewe hakuitoa.

Hivyo tunapendekeza kwa wasimamizi wa tasnifu kwamba jedwali lolote lililohesabiwa kwa kompyuta lisipokelewe bila mambo mawili. La kwanza ni majina na namba: toleo la Python, toleo la NLTK, data iliyotumika, na sura ya ritifaa iliyochaguliwa. Amri moja ya pip huiandika orodha ya vifurushi vyote kwa nukta chache, nayo inaingia katika ukurasa mmoja wa kiambatisho. La pili ni kipande cha matini kilichohesabiwa kwa mkono na mwanafunzi mwenyewe, ambacho programu yake itaendeshwa juu yake mbele ya msimamizi, katika kompyuta ya msimamizi, kwa toleo lolote lililomo. Ukurasa mmoja unatosha, mradi humo mna ng'ombe, ng'ambo na mtu aliyeng'oa jino.